Makochi Yaliyolala kwa Jirani

Ujumbe uliingia Alhamisi saa nne asubuhi, Bernadeta akiwa amekaa nyuma ya magunia yake ya mchele wa Magu katika soko la Buhongwa. Ulitumwa kwenye kundi la wazazi la WhatsApp na Madam Gladness, mkuu wa ofisi ndogo ya Wakfu wa Vendal kule Igogo, na ulikuwa mrefu kama barua. Ulisema mwaka huu wakfu umetumia fedha nyingi kuliko ilivyopangwa kwa ajili ya mafuriko katika nchi nyingine: mahema, dawa, chakula. Kwa hiyo bodi yao huko Ulaya imeamua kupunguza wasichana inaowasomesha Mwanza, kutoka arobaini hadi thelathini. Kuanzia Jumatatu afisa atapita nyumba kwa nyumba kuhakiki hali ya kila kaya, na watakaobaki ni wale wenye hali ngumu zaidi. Chini kulikuwa na ratiba ya siku.

Bernadeta aliusoma mara mbili. Akampimia mteja kilo mbili zikawa mbili na nusu, na mteja, kwa akili zake timamu, akaondoka bila kusema neno.

Binti yake Sabina alikuwa Kidato cha Tatu katika shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya mji wa Magu. Ada, madaftari, sare, hata godoro alilolalia, vyote vililipwa na hao Vendal ambao Bernadeta hakuwahi kuwaona. Wakati huo Sabina alikuwa nyumbani kwa likizo ya Juni, na kila asubuhi alikuwa akikaa barazani na vitabu vya fizikia kama mtu anayesoma gazeti la udaku. Mama mtu hakuelewa hata ukurasa mmoja wa vitabu hivyo, lakini alipenda kumwangalia anavyovisoma.

Kabla ya saa sita ikaingia sauti ya Mama Queen, mzazi mwenzao wa Igogo, iliyojaa kelele za gereji ya jirani yake. Alisema fomu ya uhakiki anaijua, aliwahi kujaziwa. Fomu ni moja kwa nchi zote wanazosaidia. Wanauliza kama una televisheni, friji, boti, makochi na ngamia. Kila ulicho nacho kina alama zake, na alama zikipanda, mtoto anashuka. Yeye aliponzwa na friji, tena bovu, alilokuwa akiwekea nguo.

Bernadeta aliposikia neno makochi alifunga magunia, akarudi nyumbani.

*

Mumewe, Ngosha, alikuwa fundi makochi kando ya barabara ya Shinyanga. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amewakalisha watu wa Mwanza kwenye vitu laini, na kwake wakakalia stuli za plastiki. Halikuwa jambo la kulalamikia. Mbao na sponji zilikuwa za wateja. Lakini kwa miaka miwili alikuwa akiweka kando vipande vilivyobaki, ubao huu, kipande kile cha kitambaa, na mwezi wa Aprili aliingiza ndani seti nzima: moja kubwa la watu watatu na mawili madogo, rangi ya damu ya mzee, yenye ukanda wa dhahabu pembeni. Siku hiyo Bernadeta aliacha ugali jikoni, akaja kukaa. Ugali ukaungua. Waliula hivyohivyo, wameketi juu ya makochi, sahani mapajani, na Ngosha akitazama upande mwingine ili asionekane anavyofurahi.

Jioni ya Alhamisi hiyo walikaa juu ya makochi hayo wakaisikiliza sauti ya Mama Queen mara ya tatu.

"Ngamia," Ngosha alisema. "Ngamia wanamuuliza nani hapa Mwanza?"

Sabina alicheka. Bernadeta hakucheka.

"Tuyatoe, Baba Sabina. Sisi tumepangiwa Jumatatu, Mama Princess amepangiwa Alhamisi. Tuyahifadhi kwake, Jumatatu jioni yanarudi."

Ngosha alipitisha kiganja kwenye mkono wa kochi, kama anavyofanya anapomkabidhi mteja kazi iliyokwisha. Alisema katika maisha yake ametengeneza makochi ya waganga, ya walimu na ya watu wa baa, na hajawahi kuficha hata moja. Mkewe akamwuliza kama anataka kumweleza Sabina kwamba amerudi nyumbani kwa sababu ya kochi. Hapo Ngosha akauondoa mkono wake kwenye kochi, na Sabina akafungua kitabu, ingawa hakugeuza ukurasa.

Mama Princess, ambaye jina lake ni Ayoo, alikuwa mjane kutoka upande wa Rorya, mkoani Mara. Alikaanga samaki na kuwauza kando ya barabara. Vyumba vyake viwili vilipakana na ua wao, vikitenganishwa na jiwe kubwa la Mwanza ambalo hakuna aliyewahi kufikiria kulipasua. Binti yake Princess alikuwa Kidato cha Pili katika shule ileile, akisomeshwa na wakfu uleule, na bwenini alilala kitanda cha chini, Sabina akilala cha juu. Bernadeta alipokwenda kumwomba, alianza mbali, akazunguka, akarudi nyuma.

"Mama Sabina," Ayoo alimkatiza, "unaomba kama unayeniomba figo. Leteni."

Jumapili baada ya ibada Ngosha alifungua miguu ya makochi, wakayapitisha ubavuubavu. Yalijaza sebule ya Ayoo ukuta kwa ukuta. Princess aliketi kwenye lile kubwa, akainuka, akaketi kwenye dogo, akainuka tena, mama yake akamwambia ajitulize. Bernadeta alipokuwa akitoka alimshika binti huyo bega. Alimwambia mtu yeyote akiuliza, asiseme ni ya kwao kina Sabina. Princess akaitikia kwa heshima.

*

Afisa aliyekuja Jumatatu aliitwa Nathaniel, kijana mpole mwenye kishikwambi na viatu vilivyoshika vumbi la nyumba sita alizokwisha kupita. Aliwaamkia shikamoo kwa kuinamisha kichwa, na Bernadeta akaumia zaidi. Angependa awe na jeuri kidogo. Alikuwa amevaa khanga iliyochanika, ambayo kwa kawaida ni ya kudekia. Vitambaa vya mezani alivikunja akavisukuma chini ya kitanda, chupa ya chai nzuri akaitia kwenye ndoo. Mlango wa jirani ulikuwa umefungwa. Ayoo alikuwa amekwenda mwaloni, kule ziwani mitumbwi inakoshusha, kuchukua samaki.

Nathaniel alikaa kwenye stuli, magoti yakimfika kifuani. Aliuliza wanakula nyama mara ngapi kwa mwezi. Aliomba kuona jikoni, akafunua sufuria, akafunika, akaomba radhi. Aliuliza kuhusu boti. Aliuliza kuhusu ngamia, bila kuinua macho. Kisha akawapanga mbele ya ukuta awapige picha, na Bernadeta, ambaye mbele ya kamera hutabasamu tu mwenyewe, akaombwa asitabasamu.

"Mzee, kazi yako?"

"Fundi makochi," Ngosha alisema.

Nathaniel alitazama stuli nne zilizokuwa sebuleni. "Na hapa nyumbani?"

"Hapa tumekalia stuli, kama unavyoona," Ngosha alijibu, akiwa ameinamia vidole vyake vya miguu. Bernadeta alikuwa ameolewa naye miaka kumi na saba, na hakuwahi kumsikia akitumia sauti ile.

Walipofikiri yamekwisha, Nathaniel alipekua orodha yake. Akasema huyu Ayoo anaona ni jirani yao hapohapo, basi amalizane naye leo ili Alhamisi asirudi Buhongwa. Bernadeta alisema haraka kwamba hayupo. Lakini Princess alikuwa uani anafua, na aliposikia jina la mama yake alisimama akafuta mikono. Nathaniel akasema binti anatosha, ni kuangalia tu. Bernadeta alitaka kuongozana nao, akaambiwa kwa upole kwamba uhakiki ni siri ya kila kaya.

Alibaki amesimama kando ya jiwe. Dirisha la Ayoo lilikuwa wazi.

"Makochi haya ni ya nani?"

Bernadeta alisikia maji yakidondoka kutoka kwenye nguo zilizoanikwa.

"Ni ya kwetu," Princess alisema.

"Mama aliyanunua?"

"Aliyanunua kidogo kidogo."

Nathaniel alipotoka aliaga vizuri, akashika njia ya kwenda barabarani. Princess alirudi kwenye beseni lake. Bernadeta akamfuata, akamwuliza kwa nini amesema vile, na binti akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Si uliniambia nisiseme ni ya kwenu?"

*

Ayoo aliporudi na beseni la samaki kichwani, alielezwa yote akiwa bado amesimama. Alishusha beseni, akakaa, akaanza kupara magamba. Hakumgombeza binti yake, hakumgeukia Bernadeta. Alisema labda kochi halina uzito sana kwenye hizo fomu zao. Alisema pia kwamba jioni Ngosha aje ayachukue, maana amekosa pa kupita.

Makochi yalirudi. Wiki nzima hakuna aliyeyakalia. Ngosha alirudi kutoka kazini mapema na kulala mapema, na mkewe akawa anamjibu mambo ambayo hakuyauliza. Kila mmoja alikuwa na neno mdomoni na kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Bernadeta alijiambia angoje majina yatoke kwanza. Pengine wote wawili watapita. Thelathini si wachache.

Ijumaa majina yakatoka. Alikuwa sokoni tena. Alishuka na kidole hadi namba ishirini na mbili, akaona Sabina Ngosha, na furaha ikampanda hadi akapiga vigelegele. Wauza mchele wenzake wakasimama kumpongeza. Ndipo akaendelea kushuka na kidole, ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini. Princess hakuwamo. Wenzake walikuwa bado wanampongeza, na yeye anatabasamu, na kilichomchoma si kwamba jina halikuwamo. Kilichomchoma ni kwamba alipiga vigelegele kwanza.

Alimkuta Ayoo kwenye karai lake la mafuta kando ya barabara, anageuza sato. Ayoo alikuwa amekwisha kujua.

"Hongera ya Sabina," alisema, na ilikuwa hongera ya kweli. "Princess atasoma hapahapa mjini. Kichwa anacho."

"Mama Princess, mbona hukunituma nikaseme ukweli? Wiki nzima?"

Ayoo alitoa samaki mmoja, akamweka kwenye gazeti mafuta yachuje. "Nikutume ukamtoe mwanao ili wangu aingie? Neno hilo, mama mwenzangu, nitalitoa kwa mdomo gani?"

Akamfungia Bernadeta samaki wawili, akakataa kabisa kulipwa.

*

Jumatatu asubuhi Bernadeta alimwambia mumewe anakwenda Magu kufuata mchele. Ngosha akasema vizuri, na yeye anashuka mjini kufuata sponji. Waliachana barabarani, kila mmoja upande wake, na Bernadeta alipoona mumewe ametoweka alivuka akapanda gari la kwenda Igogo.

Ofisi ya wakfu ilikuwa ghorofa ya kwanza juu ya duka la nyavu, na harufu ya ziwa ilipanda nayo ngazi. Alifika juu anahema. Kwenye benchi la wageni, amevaa shati lake la kanisani, mikono magotini, alikuwa amekaa Ngosha.

Bernadeta alimsogelea.

"Sponji zinauzwa huku siku hizi?" Bernadeta aliuliza.

"Na mchele wa Magu unapitia ngazi hizi?" Ngosha alijibu, akasogea kumpa nafasi.

Alipokaa, Ngosha akamweleza kwa sauti ya chini kwamba hakuja kwa akili yake peke yake. Sabina alimfuata kwenye karakana siku ya Jumamosi. Alimwambia hataweza kurudi shule akalale kitanda cha juu huku cha chini kiko wazi. Bernadeta alifungua pochi akatafuta leso, akaikosa, akatumia upindo wa khanga. Alijiuliza mtoto huyu alijifunza wapi mambo haya, maana kwa wiki hii nzima hakujifunza kwake.

Madam Gladness aliwasikiliza bila kuwakatiza. Alikuwa mama wa makamo, mezani kwake pana magazeti ya wakfu yenye picha za watoto wa nchi mbalimbali, hakuna hata mmoja aliyetabasamu. Bernadeta ndiye aliyesema. Makochi ni ya kwao. Mtoto wa watu alisema alichofundishwa na yeye, Bernadeta. Jirani yake hana hata stuli ya pili. Na yeye na mumewe wamekutana hapo benchini, kila mmoja akiwa amemficha mwenzake.

Madam Gladness alivua miwani. Alikuwa amekasirika, lakini hasira yake ilikuwa na uchovu ndani yake.

"Mnajua fedha hii inatoka wapi?" aliuliza. Akawaeleza kwamba ni ya mzee mmoja aliyekuwa na kiwanda cha madirisha, akafa bila mtoto, akaacha kila kitu kiwe wakfu. Kila mwaka watu saba wanakaa mezani kugawa faida yake: kwa wenye mafuriko kiasi hiki, kwa visima kiasi hiki, kwa wasichana wa Mwanza kiasi hiki. Watu hao hawajawahi kufika Buhongwa na hawatafika. "Macho yao ni ile fomu. Ikisema uongo, ni mimi nimesema uongo. Siku wakiacha kuniamini, wanaondoka wote thelathini."

Bernadeta aliinamisha kichwa. Ngosha aliomba ruhusa ya kuuliza swali moja.

"Hiyo fomu, madam, ina mahali pa kuandika kwamba kochi nimelitengeneza mwenyewe, kwa mabaki ya wateja?"

"Haina."

"Ngamia lakini yumo."

Mdomo wa Madam Gladness ulicheza kidogo. Akavaa miwani, akavuta kompyuta, akapiga hesabu upya mbele yao ili waone. Bila makochi, Princess alipanda hadi namba ya kumi na tisa. Pamoja na makochi, Sabina alishuka hadi thelathini na tatu. Aliwageuzia kioo wasome wenyewe. Alisema sheria ya kudanganya ni kufutwa moja kwa moja, lakini ataandika kwamba walikuja wenyewe, bila kuitwa, na kwamba kila mmoja alikuja bila mwenzake kujua. Hilo la mwisho, alisema, hajui kama bodi italiamini.

Nje jua lilikuwa kali na ziwa limetulia. Bernadeta alilia palepale kwenye ngazi, si kwa sauti, na Ngosha akasimama kati yake na wapita njia, amemshikia pochi yake kama mlinzi, mpaka akamaliza.

*

Ayoo alipoambiwa kwamba Princess amerudishwa, alikaa chini akafunika uso kwa upande wa khanga. Kisha akauliza kuhusu Sabina, na alipojibiwa alisema wao ni wajinga, mume na mke, akawashika mikono wote wawili na hakuiachia.

Jibu la bodi lilikuja siku nne kabla ya shule kufunguliwa. Sabina hakufutwa. Mwaka huu hana nafasi; Januari aombe tena, na makochi yaandikwe.

Siku iliyofuata Ngosha alikwenda Magu kuchukua sanduku la binti yake bwenini. Mkuu wa shule, mtawa mmoja mnene asiyependa maneno mengi, alimkaribisha ofisini, na kiti alichompa kikamtupa upande. Ngosha hakukaa tena. Alikigeuza miguu juu, akakikagua, akaomba aonyeshwe vingine. Alizungushwa ofisi ya walimu, maktaba, bwalo na ukumbi, na kila mahali alitikisa kichwa kama daktari. Mwisho akasema hana fedha ya ada, wala hawezi kudanganya kwamba atakuwa nayo mwezi ujao, ila viti hivi vyote anaweza kuvisimamisha, na mabenchi mapya ya bwalo akayatengeneza, kama shule itatoa mbao. Mtawa alifikiri. Akasema muhula mmoja. Januari watazungumza upya. Sanduku likabaki bwenini.

Bernadeta alifurahi, lakini usiku na mchana alikuwa na wasiwasi mmoja ambao hakumwambia mtu. Sabina alikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Katika umri huo msichana huona haya hata mama yake akikohoa kanisani. Sasa baba yake angekuwa palepale shuleni, suruali ina gundi magotini, misumari mdomoni, analala chumba cha mlinzi, mbele ya mabinti wa maafisa na wafanyabiashara wanaojua kabisa analipa nini kwa kazi ile.

Jumapili ya tatu ya muhula ilikuwa siku ya wazazi kutembelea. Alikwenda na Ayoo, wamebeba sato wa kukaanga na wali wa nazi wa kutosha watoto wawili na fundi mmoja. Princess aliwapokea getini akachukua mabakuli. Walipouliza Sabina yuko wapi, akaelekeza nyuma ya bwalo.

Ngosha alikuwa amepiga magoti juu ya kiti kilicholazwa chali. Sabina alikuwa amekaa chini mbele yake katika sare safi ya Jumapili, amekanyaga ubao kwa viatu vyake vyeupe, anavuta kitambaa kwa mikono miwili wakati baba yake anapigilia. Wasichana wengine walipita na wazazi wao na vikapu vyao. Wengine walitazama. Sabina hakuinua kichwa. Alikuwa akimwambia baba yake kwamba upande wa kushoto umelegea.

Bernadeta alingoja mpaka Ngosha aende kunawa, kisha akamvuta binti yake pembeni.

"Wenzako hawakucheki?"

"Wawili walicheka," Sabina alisema, akijipangusa vumbi kwenye sketi. "Nimewaambia basi bwaloni chakula chao wakile wamesimama."